Mkono wa Bure

Mtaani gari lile walikuwa wakiliita Birika, kwa sababu halikuweza kwenda mwendo wa maana bila kuchemka. Vijana wa kwenye kona wakiliona linakuja, moshi mweupe unafuka puani, humwambia mwenyewe atie majani kabisa ili wanywe chai. Mwenyewe hucheka nao, cheko la meno tu. Moyoni alikuwa amelichoka mpaka basi.

Huyo mwenyewe watu walimwita Dobi, kwa kazi yake. Alikuwa binti anayefua mashuka ya zahanati moja ya wazazi, yeye na mama yake, uani kwao, kwenye mabeseni yaliyopangwa ukutani. Gari aliachiwa na marehemu baba yake: kigari kidogo cha zamani, milango minne, buti la kutosha mafurushi matatu ya mashuka. Baba alilitumia miaka na miaka na lilimtii. Lilipofika mikononi mwa binti, likaanza kuoza.

Kuoza ndilo neno lake. Vitu vingine huchakaa, kama kiatu au ufagio, na mtu akavionea huruma. Birika lilikuwa linaoza kama nyanya chini ya kapu. Ukifungua mlango unapigwa na harufu ya petroli. Ukikaa, inakuja ya oili iliyoungua. Ukipandisha kioo, inaamka nyingine, tamu-tamu, ya maji ya rejeta yaliyovuja na kukaukia kwenye zulia. Dobi, mtu ambaye mikono yake imo kwenye sabuni kutwa nzima, alikuwa akishuka humo huku anajinusa mabega, kama aliyeazima nguo za mtu asiyemjua.

Fundi wa Birika alikuwa mmoja tu, Mjomba, kaka mkubwa wa mama yake. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemchukua mama wa Dobi akiwa mdogo, akamlea, na siku ya kuolewa alitokea nyumbani kwake. Kwa hiyo Mjomba hakuwa mtu wa kuulizwa swali katika nyumba ile. Gereji yake ilikuwa uani kwake, mtaa wa pili, na sheria yake ilikuwa moja, aliitamka kila alipojinyoosha mgongo na kujifuta jasho.

"Mpwa wangu, mkono wangu bure. Wewe leta spea tu."

Mama alilichukua neno hilo akalitembeza kwa majirani. Mafundi wengine wanakamua watu, alisema, lakini kaka yangu hapokei hata senti ya ufundi. Majirani wakasema una bahati, mama, ndugu wa hivyo siku hizi hawapo. Dobi alisikia, akanunua spea.

Ilianza na plagi, ikafuata betri. Kisha rejeta, na rejeta ile ilikula hela ya sabuni ya msimu mzima. Dobi aliitoa dukani mwenyewe, ameipakata kama mtoto mchanga, na muuza duka akaipiga alama ya rangi ya njano pembeni, maana bila alama hiyo huwezi kuirudisha ikiwa na kasoro. Mjomba akaifunga. Ikafanya kazi vizuri, kisha ikaanza kuvuja. Mjomba akatikisa kichwa, akasema spea za siku hizi ni karatasi. Ikaja zamu ya alteneta, maana taa zilikuwa zinafifia kama mshumaa. Zikaja shokapu, maana gari lilikuwa linanesa barabarani kama kitanda kilichokatika kamba. Ukaja mpira wa petroli. Kila kilichowekwa kipya kilikuwa na afya kwa muda, halafu Mjomba anapita "kuangalia kidogo tu", anashinda uvunguni mchana kutwa, na baada ya hapo kitu kinaanza kukohoa.

Vilivyotolewa alivibeba yeye. Kwa fundi wa barabarani mteja husema, nipe hicho ulichotoa nikione, akakitia kwenye mfuko akaenda kukitupa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Mjomba hakuna aliyethubutu. Kumwomba kaka wa mama yako akurudishie chuma kibovu ni sawa na kumpekua mifuko mbele ya watu. Kwa hiyo vyuma vilikwenda, na Dobi akawa hata hatazami vinavyokwenda.

Alichokitazama ni kingine. Siku moja Mjomba alitoka uvunguni, mikono myeusi mpaka viwiko, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la maji ya kusuuzia, yale ya mwisho kabisa ambayo mashuka yalikuwa yanayasubiri, akaizamisha yote miwili. Maji yakafunga utando wa rangi rangi. Akapenga kamasi kwa vidole, akachovya tena.

"Maji yako matamu," akamwambia Dobi, akaingia ndani kula.

Dobi alisimama akiangalia ule utando unavyozunguka polepole, na kipande cha grisi kinaelea katikati kama inzi aliyekufa. Akalimwaga beseni lote. Mama akatoka mbio akamnong'oneza amwage taratibu, asije Mjomba akasikia.

Yote hayo angeyameza kama si zahanati. Zahanati ile ndiyo ilikuwa sufuria yao, hawakuwa na mteja mwingine wa kumtaja. Msimamizi wake alikuwa Matroni, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti, mwenye tabia ya kuchukua shuka moja kutoka katikati ya furushi na kulisogeza puani. Mara mbili alikuwa amelirudisha. Mara ya pili alimwita Dobi pembeni, akamwambia kuna kampuni ya kufua yenye gari kubwa safi, imeshakuja kuomba kazi, na yeye ameikatalia kwa sababu hakuna anayeng'arisha kama Dobi.

"Sina ugomvi na wewe, binti yangu," alisema. "Lakini mtoto aliyezaliwa leo hawezi kulazwa kwenye petroli. Ukiniletea tena hivi, au ukachelewa tena, kazi inakwenda."

Dobi akarudi akamweleza Mjomba. Mjomba akaja, akalala uvunguni, akatoka akasema mpira wa petroli umechoka tena, kanunue mwingine. Akanunua.

Na bado asubuhi iliyofuata, kwenye kilima cha kuelekea zahanati, Birika lilichemka, likatetemeka, likazima katikati ya barabara. Dobi alishuka akafungua vioo vyote ili mashuka yapate hewa. Magari yalimpigia honi, wengine wakamtukana wakipita. Pale kandoni palikuwa na fundi aliyeketi juu ya tairi, mtu wa makamo, miwani yake imeshikiliwa na waya wa shaba. Akaja, akaomba ruhusa, akafungua boneti. Hakushika kitu kwanza. Alitazama tu, akiinamisha kichwa huku na huku, mpaka akamtia Dobi wasiwasi.

Kisha akafungua kifuniko cha oili akakigeuza juu. Kwa ndani kulikuwa kumegandamana kitu cha rangi ya maziwa yaliyochacha, kizito, chenye kamba kamba kama kohozi la mgonjwa wa kifua. Kilianza kuteremka polepole kwenye kidole cha fundi. Dobi akageuza uso.

Miwani akamweleza bila haraka. Maji yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi imeungua, na imeungua kwa sababu injini imechemshwa muda mrefu. Imechemshwa kwa sababu kile kidude cha kuongoza maji kulingana na joto, thamostati, kimebadilishwa, kilichomo ni kibovu kilichokwama. Rejeta hii ni ya gari jingine, imefungwa kwa waya. Alteneta ni kuukuu kuliko gari lenyewe. Mpira wa petroli umeunganishwa vipande viwili na kufungwa na utepe. Dobi akamwambia haiwezekani, huo mpira ameununua jana, na rejeta ni mpya, ameipakata mwenyewe. Miwani akamtazama juu ya fremu.

"Dada, huyo fundi wako ana gari la aina hii?"

"Ni mjomba wangu."

"Sikuuliza kama ni mjomba wako."

Dobi akauliza kulitengeneza lote ni kiasi gani. Miwani akasema bei yake ni ya kununua jingine kama hili, tena zima, kwa hiyo asipoteze hela. Akamsaidia kulisukuma kando, akamwitia mtu wa toroli, na mashuka yakapanda kilima kwa toroli, Dobi ameshikilia furushi la juu kwa mikono miwili.

Daktari alikuwa ameshapita wodini. Matroni alinusa shuka, akaona halinuki, akatazama saa ya ukutani. Hakufoka. Alisema anampa nafasi ya mwisho, Ijumaa, kabla daktari hajapita, na kama Ijumaa hakuna mashuka, Dobi asijisumbue kuja tena.

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda mtaa wa pili.

Geti la Mjomba lilikuwa wazi nusu. Uani kulinuka oili ya zamani iliyomwagwa mpaka udongo ukawa mweusi na kung'aa, na kuku walikuwa wanatembea juu yake na miguu iliyopakazwa lami. Chini ya turubai kulikuwa na gari, na Mjomba alikuwa amelifunua upande wa mbele, anasikiliza injini. Gari la aina ile ile, isipokuwa hili lilikuwa jeupe. Lilikuwa linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mlangoni lilikuwa limeandikwa TEKSI, rangi bado mbichi.

Dobi alisalimia. Mjomba akaitikia marahaba, akamkaribisha, akamwambia sogea usikilize, hii ndiyo sauti ya injini. Dobi akasogea. Akaona rejeta. Pembeni yake ile alama ya njano, iliyopigwa na muuza duka yeye akitazama. Akaona mpira wa petroli, mpya, mweusi tii, bado una karatasi ya dukani. Akaona shokapu zake na alteneta yake. Zilikuwa zimesafishwa. Hilo ndilo lililomchafua roho zaidi, kwamba Mjomba alikuwa na muda wa kuzisafisha.

Alidhani mtu akifumaniwa hivyo hubabaika. Mjomba hata hakuzima injini. Alijifuta mikono kwenye suruali, uso mkavu kabisa, akaanza kumweleza kama anayemfundisha mtoto. Alilinunua kama gamba, halina kitu ndani, kwa bei ya kutupa. Akawa analijaza kidogo kidogo. Ijumaa linaanza kazi, lina wateja tayari, watu wa kupelekwa ofisini asubuhi.

"Lile lenu lilikuwa linakufa hata hivyo, mpwa wangu. Kifaa kizuri kikae kwenye gari zuri. Na si kinabaki humu humu kwenye familia?"

Akamwekea mkono begani. Mkono ule uliacha alama ya vidole vinne kwenye gauni. Dobi aliuona mdomo wake unavyosema, meno yana kahawia ya chai aliyoinywa kwao, na alihisi yote aliyompakulia mtu huyu mezani yanamrudia yeye kooni. Akaaga kwa adabu, kama alivyofunzwa.

Mama alikuwa anaanika. Dobi alimsimulia lote, neno kwa neno, akingojea mama apige kelele, au akae chini, au hata amwambie muongo. Mama aliendelea kubana vibanio kwenye kamba. Mwishowe akasema alijua Mjomba anachukua-chukua. Si yote, lakini alijua. Alimwona akitoka na kitu kipya kwenye gunia, akajisemea huyu alinilea, hajawahi kunidai, na ufundi hatozi, basi acha achukue kidogo, iwe ndiyo malipo ya mkono wake.

"Kwa hiyo mkono haukuwa bure," Dobi akasema. "Na wewe bei ulikuwa unaijua."

Mama akamwambia asiongee naye hivyo. Kisha, kwa sauti ndogo, akamwambia yale ni mambo ya mtu na kaka yake, hayatoki nje. Usiku ule walifua pamoja. Mama alikuwa na vidole vilivyopasuka kwa dawa ya kung'arishia, na kila akikamua alikunja uso, lakini hakuacha. Dobi alimtazama akashindwa kujua kama anamwonea huruma au anamwonea kinyaa, na kutojua kule kulimuuma kuliko chochote cha Mjomba.

Alhamisi alipiga pasi, akakunja, akafunga furushi. Jioni akaenda kwa Miwani wakazungumza.

Ijumaa kumekucha tu, Miwani alikuja na gari la kuazima akalivuta Birika kwa kamba kutoka pale kilimani mpaka kwa Mjomba, Dobi ameshika usukani, mashuka yako kiti cha nyuma ndani ya nailoni safi. Walilisimamisha likalala kukingama geti zima. Miwani akafungua kamba, akasema yeye hajaona kitu, akaenda zake. Dobi akaondoa ufunguo, akautia kifuani, akakaa akingoja. Kungoja alikujua. Shuka haliharakishwi kukauka.

Mjomba alitoka amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi, tayari kwa wateja wake. Alisimama akalitazama Birika kama mtu aliyekuta mzoga mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba," Dobi akasema kupitia dirishani. "Nimekuletea yaliyobaki."

Mjomba alianza kwa kucheka. Akamwambia utani umefika, alisogeze. Dobi akamwambia halisogei, halina kitu ndani, fundi wake anajua. Majirani wakaanza kutoka, mmoja na mswaki mdomoni, mwingine ameshika kikombe. Mjomba akamwambia atamlaani. Dobi akamwambia mashuka yake yanatakiwa zahanati kabla daktari hajapita, na gari la kuyapeleka limo uani humo, na akilipata atatoka mlangoni mwake saa hiyo hiyo. Simu ya Mjomba ilikuwa inalia mfukoni, bila shaka wateja. Alipoona hapati njia, akatuma mtu amwite dada yake aje amtoe mtoto wake.

Mama alikuja na ndala za nyumbani, kanga imekaa upande. Alimkuta kaka yake amekasirika, jasho limeshalowesha shati. Alianza kama ilivyotarajiwa, akamwambia Dobi ashuke, aibu hii ya nini, watu wote wanatazama. Dobi hakushuka. Alimtazama tu mama yake.

Mjomba, kuona dada yake amefika, akapata nguvu. Akaamua kulisukuma Birika mwenyewe na wanaume wawili wa jirani. Ili liwe jepesi, akafungua mlango wa nyuma, akayashika mafurushi ya mashuka, akayatupa nje moja baada ya jingine. Hakuyatupa mbali. Yaliangukia pale pale mbele ya geti, kwenye udongo mweusi wa oili. Nailoni ikapasuka. La mwisho lilifunguka, shuka likatambaa kwenye uchafu, na Mjomba, akitafuta pa kuweka miguu ili asukume vizuri, akalikanyaga kwa kiatu.

Mama aliinama. Alilishika shuka lile kwa vidole vyake vilivyopasuka, akalivuta kutoka chini ya kiatu cha kaka yake, na kiatu hakikuinuka mara moja, ikabidi alivute kwa nguvu. Akaligeuza akaitazama alama ya soli. Akakaa hivyo, ameinama, muda ambao hata mwenye mswaki aliacha kusugua.

"Mpe ufunguo," akasema.

Mjomba akauliza ufunguo gani.

"Wa hilo la ndani. Mpe mtoto ufunguo, kaka. Kadi yake utaniletea nyumbani."

Mjomba aliangalia huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Akasema maneno mengi, kwamba alimlea, kwamba alimtia shule, kwamba ndugu hawafanyiani hivi. Mama hakubisha hata moja. Alikuwa anakusanya mashuka, safi huku, machafu huku, na kila alipopita mbele ya kaka yake alimnyooshea kiganja kilichofunguliwa, bila kumtazama usoni. Mara ya tatu, ufunguo ukaanguka humo.

Ndipo Dobi akaachia breki, akashuka, na Mjomba mwenyewe akasaidia kusukuma Birika kando, maana simu ilikuwa bado inalia na geti bado limezibwa.

Gari jeupe liliwaka mara moja. Walipanda kilima bila moshi, bila mtetemo, mama amepakata furushi mbele. Matroni aliwakuta mlangoni. Alichomoa shuka la katikati, akanusa, akauliza yaliyopungua yako wapi. Dobi akasema yameanguka, anayafua upya. Matroni akatazama saa, akatazama gauni la mama lililojaa oili, akamwambia muuguzi afungue kabati ayapokee. Basi. Kazi ilibaki.

Waliporudi garini mama aliketi akisikiliza injini kitambo. Akasema limetulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kukubaliwa.

Dobi akatia gia. Limetulia, ndiyo. Aliisikia rejeta yake ikifanya kazi, alteneta yake ikizunguka, shokapu zake zikipokea mashimo kwa upole, na kila sauti nzuri aliijua ilitoka kwenye mfuko gani na ilipita kwenye mikono gani mpaka kufika hapo. Kwenye usukani kulikuwa na utando wa mafuta wa mtu aliyekula akashika bila kunawa. Aliufuta kwa upindo wa gauni, akafuta tena, ukabaki. Akashusha kioo mpaka mwisho, akatema mate nje, akashika barabara ya nyumbani kwa ncha za vidole.